Aliulizwa, Akaitika

Nhambala, karibu na Mvumi
3 Machi 1912

Kwa mdogo wangu Yoramu, karani wa bomani,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu hai, na ng'ombe waliobaki nao wa hai. Mvua ilinyesha mara moja tukapanda uwele, kisha ikatukimbia. Mwalimu wa kanisa amenipa karatasi, akaniambia niandike maneno machache kwa kuwa wino umekauka hata kwake.

Nakuandikia kwa ajili ya dada yetu Ruthu. Wewe unamjua. Tangu tulipokuwa wadogo, kisimani alikuwa anakwenda anaimba, anarudi anaimba, na maji nusu yamemwagika mgongoni. Sasa nikimtuma anashika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Juzi alipita mtu mwenye kofia nyekundu njiani, Ruthu akakimbilia zizi la ndama akajilaza kwenye samadi. Nikimuuliza ana nini, ananiambia tumbo.

Baba mdogo Matonya anasema ni mambo yake yale yale ya kutokuwa na akili kamili, yatapita. Mimi nalala naye siku hizi, naacha watoto upande wa pili wa tembe.

Nina swali. Huko serikalini, mtu akimharibia mwenzake kitu kisichoweza kurudishwa, hushtakiwa wapi? Nijibu upesi.

Mimi dada yako,
Dorkasi

*

Bomani
22 Machi 1912

Dada yangu Dorkasi, shikamoo.

Barua yako imenifikia kwa gari la moshi, na nimeisoma mara mbili kwa furaha ya kuona mwandiko wako. Mimi sijambo. Bwana Shauri, yaani yule Mjerumani mkubwa wa boma letu, sasa ananiita mimi badala ya yule mkalimani wa pwani, kwa sababu nasikia Chigogo, Kiswahili, na Kijerumani kile nilichofundishwa Tanga. Siku ya mashauri mimi ndiye nasimama kando yake. Laiti marehemu baba angeniona.

Habari ya Ruthu isikutishe. Mwaka jana wafungwa hapa walikuwa na minyoo, wakashika matumbo hivyo hivyo. Nimekuwekea chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, katika kikaratasi. Mpe asubuhi kabla hajala, uikoroge na maji mengi.

Ama swali lako: ikiwa ng'ombe wa jirani wamekula shamba, nenda kwa jumbe. Ikiwa ni ugomvi mkubwa, nenda kwa akida aliye juu yake. Usipige kelele mbele yao, na usiende mtupu, chukua hata kuku. Ndivyo mambo yanavyokwenda.

Mwambie Ruthu nitamletea ushanga wa buluu.

Ndugu yako,
Yoramu

*

Nhambala
14 Aprili 1912

Yoramu,

Dawa yako nimeifukia. Ruthu hana minyoo. Ruthu ana mimba.

Niliona nilipokuwa namwogesha. Yeye aliona mimi naona, akacheka, kwa sababu nilikuwa nimemshika kiunoni na siku zote nikimshika pale anadhani namtekenya. Nikakaa chini kwenye mawe. Nikamuuliza, "Ni nani?" Akasema, "Bwana wa sukari."

Huyo ni Sila, mvaa kofia nyekundu, nyapara wa kuni katika kambi ya reli, shemeji yake akida. Wakati wa njaa nilikuwa namtuma Ruthu huko na mizigo ya kuni pamoja na wanawake wengine. Sila akawa anambakiza nyuma. Anampa kibonge cha sukari, anamwingiza katika ghala la magunia. Wanawake wenzake walikuwa wanajua. Walidhani nami najua.

Nikamuuliza Ruthu, "Ulimwambia asifanye?" Akanitazama usoni, anatafuta jibu ninalolitaka. Akasema ndiyo. Nikamuuliza, "Ulimwambia afanye?" Akasema ndiyo. Ndivyo alivyo, Yoramu. Ukimuuliza kama jua ni jeusi atakuitikia ili usimkasirikie. Yeye ni mkubwa wako, ananizidi hata mimi kwa urefu, lakini jana na kesho kwake ni neno moja.

Nilikwenda na Baba mdogo hadi kambini. Sila hakukana. Alikuwa anakula, hata hakusimama. Alisema, "Amekuja kwa miguu yake. Ni mtu mzima, si mtoto. Muulizeni mwenyewe kama nilimshika." Waliokaa naye wakacheka. Baba mdogo akaniambia tuondoke. Njiani akasema afadhali mambo haya yamalizwe kimya, kwani mwanamke kama Ruthu nani angemwoa.

 Nakuuliza wewe tena: hushtakiwa wapi?

Dorkasi

*

Bomani
27 Aprili 1912

Dada yangu,

Nisamehe kwa ile barua ya chumvi. Nimeshindwa kula tangu nilipopata yako.

Sasa nisikilize. Katika ofisi ya Bwana Shauri kuna kabati, na ndani yake kuna kitabu cha sheria za Wajerumani. Aliposafiri kukagua njia nilikifungua. Nimetafuta neno kwa neno. Kimeandika kwamba mwanamume akimwingilia mwanamke ambaye ni mgonjwa wa akili, anafungwa gerezani. Hakikuuliza kama mwanamke alipiga kelele. Hakikuuliza kama aliitika. Dada, walikwisha kumfikiria mtu kama Ruthu! Wameandika kabisa, kwa wino wa chapa, kwamba ndiyo yake si ndiyo.

Usiende kwa akida. Mlete Ruthu hapa siku ya mashauri, mwezi wa sita ukianza, Bwana Shauri atakuwa amerudi. Nitamwandikia Sila hati ya kuitwa, naye hataweza kuikataa kwa kuwa ina muhuri.

Jambo moja tu nakusihi. Usimfundishe Ruthu la kusema. Wakiona amefundishwa watasema shauri limetungwa nyumbani. Mwache awe kama alivyo. Mtu yeyote mwenye macho atamtazama na kuelewa.

Msimwambie Baba mdogo.

Yoramu

*

Nhambala
19 Juni 1912

Yoramu,

Tumefika nyumbani. Ruthu miguu imemvimba, maana hakukubali kupanda gari la moshi la kurudi, tukatembea.

Nimengoja niandike hasira ikipungua, haikupungua. Kwa hiyo naandika nayo.

Sikumfundisha neno, kama ulivyosema. Tulikaa chini barazani tangu asubuhi. Sila alikuja na kanzu nyeupe, na akida pembeni yake. Wewe ulisimama karibu na kiti cha Mzungu wala hukututazama. Nilidhani ni adabu ya kazi.

Bwana Shauri aliuliza kwa Kiswahili, ukamgeuzia Ruthu kwa Chigogo. "Ulikwenda mwenyewe kambini?" Ndiyo. "Alikupa sukari?" Hapo alicheka kwa sauti, akanyoosha mkono kama anayepewa. Ndiyo. "Ulimtaka mwanamume huyu?" Ndiyo. Nikasimama nikasema, "Bwana, muulize pia kama alikataa!" Akauliza. Ruthu akasema ndiyo. Baraza lote likacheka, hata askari. Ruthu naye akacheka, akifurahi kwamba amewafurahisha watu. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono yote miwili ili lisitikisike.

Basi wewe na Mzungu mkaanza kusema Kijerumani. Mlisema kwa muda mrefu. Nilikuwa nakutazama mdomo. Yeye akamtazama Ruthu, akakutazama wewe, uso ukawa mwekundu, akapiga meza. Nawe ukainamisha kichwa. Kisha ukatugeukia ukasema kwa sauti ya karani, sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwako: "Shauri linarudishwa kwa akida, litaamuliwa kwa desturi."

Ulimwambia nini yule mtu? Watu wa akida walipokuwa wanatupita njiani walisema kwamba ni wewe uliyeomba tulipwe ng'ombe, ukaacha kesi ili usifukuzwe kazi. Nilimbebea Ruthu mimba yake ile njia yote ili umsemee. Na wewe ukasema kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeisikia.

Dorkasi

*

Bomani
2 Julai 1912

Dada Dorkasi, shikamoo.

Naandika nimesimama, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Sikuomba ng'ombe. Nilimwambia Bwana Shauri kwamba sheria yake inamlinda mtu kama huyu. Nikamtajia kitabu. Akaniuliza, "Nani alikupa ruhusa ya kufungua kabati langu?" Nikasema nimekosa, lakini neno limo. Akasema, "Kitabu kile ni cha Wazungu. Ninyi mna desturi zenu, na wazee wenu wanazijua." Nikasema desturi inauliza tu mwanamke ni wa nani na alipwe nani, haiulizi kama anaelewa. Akasema, "Mwanamke ameulizwa, amejibu. Wewe mwenyewe umenitafsiria." Na hilo ni kweli, dada. Nilimtafsiria vizuri. Kila alipoitika nilisema aliitika. Ningeweza kugeuza neno moja tu, na hakuna Mzungu ambaye angejua. Lakini akida anasikia Chigogo, na niliogopa uongo mmoja ungeua ukweli wote. Kisha Bwana Shauri akaniambia kazi yangu ni ulimi, si kichwa.

Yaliyofuata hayana haja ya kuandikwa. Sasa nipo ghala la ngozi, napanga ngozi za mbuzi. Mashauri anatafsiri yule wa pwani.

Nakuomba, kabla akida hajawaita wazee, mchukue Ruthu umpeleke Mvumi kwa mama zetu wa kanisa. Waambie wamfiche mpaka ajifungue. Usingoje hata kidogo. Namfahamu akida. Atataka kumwokoa shemeji yake na aibu, na iko njia moja tu anayoijua.

Yoramu

*

Nhambala
11 Agosti 1912

Mdogo wangu Yoramu,

Barua yako ilikaa stesheni, kisha ikakaa kwa jumbe, imefika juzi mkononi mwa Khamisi, yule Mrangi anayenunua ngozi. Nilipomuuliza hali yako akageuka kufunga ngozi zake. Nikamlazimisha. Akasema alikuwapo uwanjani siku tuliyoondoka, na alikuona umelazwa kifudifudi mbele ya askari, ukipigwa hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, kwa kiboko cha ngozi. Akasema hukulia. Akasema ulikaa majuma huwezi kuketi.

Nami nilikuwa njiani nakulaani. Nisamehe, mwana wa mama. 

Ruthu hayupo. Nilipopokea barua yako tayari walikuwa wamemchukua.

Akida aliwaita wazee mwisho wa mwezi uliopita. Alisema Sila si mtu mbaya, ameona kosa lake, atatoa ng'ombe kama mwanamume yeyote na atamwoa. Hivyo mtoto atakuwa na baba, na Ruthu atakuwa na nyumba, na sisi tutakuwa na mifugo mwaka huu wa njaa. Wazee wakasema ni maneno mazuri. Baba mdogo alilia kwa furaha. Simwiti mwovu, Yoramu. Aliamini kweli kwamba Mungu amemwonea huruma Ruthu.

Nikasema, "Mnampa fisi mwanakondoo kwa sababu amekwisha kumng'ata." Akida akaniambia mwanamke akae na mambo ya nyumba yake.

Mbele ya Mzungu walimuuliza kila kitu. Safari hii hakuna aliyemuuliza.

Walikuja wanaume watatu na mke mkubwa wa Sila. Nilimshika Ruthu mkono, wakanivunja vidole viwili ili niuachie, ndiyo maana mwandiko huu ni wa kushoto. Ruthu mwenyewe hakupigana. Mke mkubwa alimpa mtungi mpya abebe kichwani, naye akadhani ni safari ya kisimani. Alipofika mbali kidogo akageuka akaniambia nisimruhusu mtu kula kiporo chake.

Nilikuwa najua anakokwenda, na sikumwambia. Ningemwambia nini?

Dorkasi

*

Kambi ya reli
Jumatatu baada ya Idi ndogo

Kwa Bibi Dorkasi wa Nhambala. Amani ya Mungu iwe juu yako.

Wewe hunijui. Mimi ni Swaumu binti Hassani, mtu wa Kondoa. Mume wangu hupakia kuni katika gari la moshi, na chumba changu na cha ndugu yako vimegawanywa kwa mabati tu. Maneno haya ananiandikia fundi wa kushona, mtu mwema, hatasema.

Ndugu yako si mzima. Yule bwana humfungia mlango akienda kazini, anasema asije akapotea. Mke mkubwa alikaa wiki moja akarudi kwao. Mimi humpitishia uji chini ya bati. Mwanzoni alikuwa anaimba nyimbo zenu za kanisa, nami nikawa nazisikiliza nikitwanga, ingawa si za dini yangu. Tangu mwezi uandame haimbi.

Usiku akija yule mume, ndugu yako ananyamaza kabisa. Mimi ni mke wa mtu, najua nyumbani hupita mambo. Lakini ule ni ukimya ambao sijapata kuusikia. Nilimwambia mume wangu aende akaseme. Alikwenda. Aliambiwa, "Ni mke wangu, nimetoa ng'ombe."

Jana nilimsikia anagonga bati taratibu. Nikapeleka sikio. Akasema tumbo. Maji yamekwisha kutoka, bibi, na mtoto hatoki. Nimemwambia fundi aandike upesi, na kijana wa mume wangu ataleta barua mbio. Njoo na mwanamke anayejua kuzalisha. Njoo leo.

Swaumu

*

Nhambala
9 Oktoba 1912

Mdogo wangu Yoramu,

Keti kwanza, kama sasa unaweza kuketi.

Ruthu amefariki. Nilikwenda kwa kukimbia, na mkunga aitwaye Sikudhani nyuma yangu, na tulipofika tulimkuta bado ana joto. Swaumu alikuwa amevunja kufuli kwa mchi wa kinu. Alikuwa amekaa chini amempakata kichwa. Aliniambia Ruthu aliniita, na kwamba yeye Swaumu alimwitikia kwa jina langu ili asiondoke akidhani hakuna mtu. Kwa hilo sitamsahau mwanamke yule maisha yangu yote.

Hakuelewa kilichokuwa kinamtoka. Swaumu anasema alikuwa anajaribu kukirudisha.

Nilimwosha mwenyewe. Mwili wake nilikuwa naujua kuliko wangu, na sehemu nyingine sikuzitambua. Sitakuandikia. Nataka umkumbuke mwenye maji mgongoni.

Niliomba tumlete nyumbani azikwe karibu na mama. Sila akakataa. Akasema mke huzikwa kwa mumewe, na wazee waliokuwapo wakasema ana haki. Akachimbiwa nyuma ya kambi, upande wanakomwaga majivu ya injini.

Sasa nikueleze jambo ambalo limekaa kooni kwangu, siwezi kulimeza wala kulitema. Baada ya mazishi walitandika mkeka mbele ya mlango ule ule. Sila akaketishwa katikati, kichwa kimefungwa kitambaa cha matanga. Akida alikuwa ametuma sanda na mchele. Watu wakaja mmoja mmoja, wakapiga goti, wakamshika mkono. "Pole sana, bwana. Pole kwa kufiwa na mke." Baba mdogo Matonya naye alikuja, akamshika mkono. Na Sila alikuwa analia, Yoramu. Machozi ya kweli. Nilimtazama nione kama anaigiza, sikuona. Nadhani anajihurumia. Nadhani anaamini kwamba amepatikana na msiba.

Kisha mmoja wa wazee akanigeukia mimi, kwa kuwa ni dada wa marehemu, akasema, "Mletee shemeji yako maji anawe." Wote wakawa wananitazama. Nilisimama. Nilifikiri nitayamwaga chini, nilifikiri nitampiga nalo buyu lile. Nikajikuta nimekwisha kupiga magoti mbele yake. Nikammiminia mikononi, taratibu, mpaka buyu likaisha. Akasema, "Ahsante, shemeji." Nami nikasema, "Pole."

Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa nimechoka. Labda hivyo ndivyo watu wanavyosema mambo ambayo hawayataki.

Usirudi kwa Bwana Shauri kumweleza. Najua utataka. Atakuuliza nani alikufa na kwa kosa gani, na kwao ni mwanamke aliyekufa kwa uzazi nyumbani kwa mumewe, na wanawake wanakufa kwa uzazi kila mwezi. Safari hii watakuua. Nimebakiwa na wewe peke yako.

Mtoto amepona. Ni msichana. Swaumu, maana naye ananyonyesha, alimnyonyesha siku za kwanza, sasa namweka ziwani pamoja na mwanangu Elieza, na maziwa ni haba kwa wote wawili. Ana masikio ya mama yetu. Analala vizuri. Hajapewa jina, kwa kuwa jina ni la baba kutoa, na baba hajatoa.

Nilipokuwa namfunga mgongoni niondoke, Sila alinifuata hadi njia ya kuni. Alisema kwa upole, "Kaa naye mpaka aache ziwa, shemeji. Kisha nitakuja kumchukua. Ni damu yangu, na nimemlipia."

Nilikwenda kwa akida kumuuliza kama ni kweli anaweza kumchukua.

Akasema ni kweli.

Dada yako,
Dorkasi